Breki za Diski: Kwa Nini Zilikawia Miaka Hamsini

Leo somo letu ni breki.

Ametuandikia msikilizaji mmoja wa Tanga. Amenunua motokaa kuukuu, na breki zake za mbele zinalia. Fundi amemwambia abadili pedi pamoja na diski zake. Yeye ataka kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe, nayo ni mara yake ya kwanza. Anauliza, je, pedi, kipande kidogo kama kile, kina maana gani hata watu wakihangaikie hivi? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika historia. Basi tuanze na historia, kisha tutashika spana.

Kwanza tujue kazi ya breki. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu, nawe utalisikia joto lenyewe. Sasa fikiri motokaa yenye uzito wa kilo 1,000 na zaidi ikishuka mteremko wa Kitonga, kule Iringa. Mwendo ukiwa mara mbili, joto la kuisimamisha huwa mara nne. Nalo huzaliwa mahali padogo sana, pale pedi inapogusana na chuma. Dereva aliyewahi kunusa breki zikiungua katika mteremko hahitaji maelezo zaidi.

Zamani za magari ya farasi, breki ilikuwa kipande cha mbao kilichokandamizwa juu ya gurudumu. Huko Derbyshire, Uingereza, nchi ya vilima, Herbert Frood alianza mwaka 1897 kutafuta kitu kilicho bora kuliko mbao. Inasimuliwa kwamba aliwaona wachukuzi wakipigilia viatu vikuukuu juu ya mbao zile ili zishike vizuri zaidi. Kampuni aliyoianzisha iliitwa Ferodo, jina lililopangwa kwa herufi za jina lake na kuongezwa e moja.

Mwaka 1902 Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Ulikuwa sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na taya za kuibana pande zote mbili. Hiyo ndiyo breki ya diski, sawa na ile iliyo chini ya motokaa ya ndugu yetu wa Tanga. Lakini taya zake zilibana kwa shaba. Shaba juu ya chuma ilipiga ukelele wa kutisha, na katika barabara za vumbi za siku zile ikalika upesi.

Mwaka huo huo wa 1902, Mfaransa Louis Renault alileta breki yake ya dramu. Hapo viatu viwili hutanuka ndani ya chombo cha mviringo na kukisukuma kwa ndani. Dramu ilifunikwa, kwa hiyo vumbi halikuingia kwa urahisi. Tena gurudumu lenyewe, likizunguka, huvuta kiatu na kukikaza zaidi, hata mguu wa dereva ukapata msaada wa bure. Dunia ikachagua dramu.

Wako wasemao kwamba Lanchester hakueleweka kwa kuwa aliwatangulia wenzake mno. Mimi sikubali. Alieleweka vizuri sana, ila hapakuwa na pedi. Sahani aliipata, lakini kitu cha kuisugua kisichopiga kelele, kisichoungua wala kulika kwa safari chache, hakikuwapo. Tena diski haijivuti yenyewe kama dramu; yataka kubanwa kwa nguvu nyingi, na fito na kamba za siku zile hazikuweza kugawa nguvu hiyo sawasawa kwa magurudumu yote.

Mambo hayo mawili yalitatuliwa polepole. Pedi ilipata nguvu kwa asbestosi, nyuzi za jiwe zisizoungua, ambazo Frood na wenzake walizitumia tangu mwanzo wa karne ya 20. Nguvu ya kubana ilipatikana kwa mafuta yaliyofungwa ndani ya mabomba. Ukiyasukuma upande mmoja, msukumo hufika kila upande sawasawa. Mmarekani Malcolm Loughead aliitengeneza breki ya namna hiyo, na mwaka 1921 motokaa ya Duesenberg ikatoka nayo kwenye magurudumu yote manne.

Ndege za vita ziliitumia diski kabla ya motokaa nyingi, maana ndege inapotua huwa na mwendo mkubwa na uwanja mfupi. Mwaka 1949 kampuni ndogo ya Crosley, huko Marekani, ilitia diski katika motokaa zake. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji ikazila kwa kutu, na Crosley akarudi kwenye dramu.

Jambo lilikatwa mwezi wa Juni 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa. Pale palikuwa na barabara iliyonyooka karibu kilomita 6, na mwisho wake kona kali. Dramu zikipata moto hutanuka na kukimbia viatu vyake. Pedali huzama, na dereva hulazimika kupunguza mwendo mapema. Diski iko wazi kwenye upepo, nayo ikitanuka huelekea kwenye pedi. Jaguar zilizofungwa diski za Dunlop zilishika nafasi ya 1, ya 2 na ya 4. Washindi, Tony Rolt na Duncan Hamilton, walikwenda wastani wa kilomita 170 kwa saa. Mwezi wa Oktoba 1955 Citroën walionyesha DS mjini Paris, ikiwa na diski mbele, na siku ya kwanza watu wapatao 12,000 waliiagiza.

Sasa tushike spana. Legeza nati za gurudumu kabla ya kupiga jeki. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, na motokaa ikae juu ya stendi. Usiiamini jeki peke yake. Fungua kalipa, yaani yale mataya ya Lanchester, na uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta.

Tazama diski. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa juu yake. Ikiwa bado nene na laini, yaweza kubaki. Hapo fundi husema kwa mazoea tu. Lakini ikiwa na mifereji, pedi mpya itagusa vilele tu, na diski nyembamba haina mahali pa kuweka joto. Pangusa kutu pale diski mpya inapokaa, na ufute mafuta iliyopakwa dukani. Rudisha pistoni taratibu huku ukitazama kikopo cha mafuta ya breki kisifurike. Badili magurudumu yote mawili ya mbele, wala si moja.

Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Ile asbestosi iliyoiokoa pedi huwaua watu kwa kuharibu mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na Marekani mwaka 2024, lakini ndani ya motokaa kuukuu huwezi kujua pedi ile ilitoka wapi. Lilowanishe kwa maji, ulipanguse kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukitupe.

Kabla ya kuwasha mota, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni uliyoirudisha iko mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza utazama hadi sakafuni bila kushika chochote. Pedali ikibaki laini, upepo umeingia katika mabomba. Motokaa isiondoke hapo mpaka utolewe. Kisha tafuta barabara tambarare isiyo na watu, uende polepole, ufunge breki kidogo kidogo mara nyingi, ili pedi na diski zizoeane kabla hujaelekea mteremkoni.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za tairi.