Mchungaji wa Rathenow na Askari Waliosaga Miwani

Bila shaka umemwona mzee wa kanisa anayesogeza Biblia mbali na uso mpaka mkono unaisha, halafu anampa kijana amsomee. Pengine mzee huyo ni wewe. Ukipita miaka arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inaanza kukakamaa, na maandishi ya karibu yanakuwa ukungu. Si dhambi wala si laana, ni umri tu, na msaada wake ni vioo viwili vilivyosagwa vizuri. Leo nataka nikueleze habari za mtu aliyehangaika ili vioo hivyo viwafikie watu wa kawaida, na za mikono iliyofanya kazi hiyo, maana hiyo mikono ndiyo wengi huiruka.

Johann Heinrich August Duncker alizaliwa mwaka 1767 huko Rathenow, mji mdogo kando ya mto Havel, magharibi ya Berlin. Siku zile Ujerumani haikuwa nchi moja, na Rathenow ilikuwa chini ya mfalme wa Prussia. Baba yake alikuwa mchungaji. Kijana akaenda Halle kusoma theolojia, akarudi kumsaidia baba yake kanisani. Lakini moyoni alikuwa na jambo lingine pia: alipenda lenzi na hadubini.

Miwani yenyewe haikuwa kitu kipya. Ilianzia Italia mwishoni mwa karne ya 13. Shida ilikuwa ubora. Wengi walinunua kwa wachuuzi waliozunguka na bidhaa zao: unajaribu hii, unajaribu ile, ukiona nafuu kidogo unalipa. (Usicheke, kwenye stendi zetu za mabasi si ndivyo tunavyonunua mpaka leo?) Kioo kilichosagwa ovyo kina mawimbi, maandishi yanapinda, na mnunuzi anaishia kuumwa kichwa. Miwani mizuri ilikuwepo, ila bei yake haikuwa ya mkulima wala mshona viatu.

Hebu fikiri kazi ilivyokuwa. Unachukua kipande cha kioo, unakisugua ndani ya bakuli la chuma lenye mviringo unaoutaka, kwa maji na unga mgumu wa mawe. Unasugua, unapima, unasugua tena kwa unga laini zaidi, kisha unang'arisha. Baada ya hapo una lenzi moja tu, na miwani inataka mbili zinazolingana. Duncker alibuni mashine ambayo mtu mmoja anaizungusha kwa mkono, na lenzi kadhaa zinasagwa kwa pamoja, zote kwa mviringo uleule. Mwaka 1801 mfalme Friedrich Wilhelm III akampa kibali, na kiwanda kikafunguliwa hapo hapo Rathenow. Aliyeshirikiana naye kuanza alikuwa Samuel Christoph Wagener, mchungaji wa jeshi. Yaani kiwanda cha miwani, waanzilishi wake wachungaji wawili!

Sasa njoo kwenye ile mikono. Rathenow ulikuwa mji wa kambi ya askari. Prussia ilipigana vita vingi, na vita vikiisha vinaacha watu: huyu hana mguu, yule mkono haukunjuki. Kule Berlin kulikuwa na nyumba ya askari walioumia, iliyofunguliwa mwaka 1748, lakini isingeweza kuwapokea wote. Duncker akawachukua askari walemavu wafanye kazi kwake, pamoja na watoto wa askari. Ukiitazama ile mashine unaelewa kwa nini iliwezekana. Asiye na mguu anakaa kwenye kiti na kuzungusha. Kung'arisha lenzi kunataka utulivu na vidole vinavyohisi, hakutaki mtu wa kukimbia.

Mimi ni mwinjilisti, na ninavyoona hapa kuna jambo zito kuliko mashine yenyewe. Sadaka mlangoni angeweza kuwapa, na wangerudi tena kesho yake. Yeye aliwapa ufundi na ujira. Watu ambao vita viliwatumia na kuwatupa wakawa ndio wanaomrudishia bibi kizee uwezo wa kutia uzi kwenye sindano, na mwalimu wa kijiji uwezo wa kusoma.

Haikuwa njia laini. Mwaka 1806 Napoleon aliipiga Prussia huko Jena na Auerstedt, nchi ikakaliwa na Wafaransa, na biashara zikayumba kila mahali. Kiwanda hakikufa. Baadaye afya ya Duncker ilidhoofika, mwanawe Eduard akashika usukani. Mzee alifariki mwaka 1843, hapo hapo alipozaliwa. Miaka miwili baadaye ndugu wa ukoo, Emil Busch, alikichukua kiwanda na kukikuza, wakafika mpaka kutengeneza lenzi za kamera. Mafundi wengine wakafungua karakana zao pembeni, mtaa kwa mtaa. Wajerumani huuita Rathenow mji wa miwani na lenzi.