Mwimbaji wa Usukuma kati ya umati wa pande mbili

Mavuno yakishaingia ghalani, Usukuma huingia msimu wa ngoma. Kuanzia Juni hadi Agosti vijiji vya Shinyanga, Geita na Mwanza hualikana kwa mashindano ambayo hayana kombe wala meza ya waamuzi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mtazamaji huhamia anakovutiwa. Wenye umati mkubwa ndio washindi.

Asili ya ushindani huu ni katikati ya karne ya 19. Ngika na Gumha, waganga waliokuwa pia mafundi wa ngoma, walibishana dawa ya nani ilikuwa na nguvu zaidi ya kuvuta watu, wakaamua kupimana uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na Usukuma wote ukagawanyika, kama zinavyogawanyika leo nyumba za washabiki wa Simba na Yanga.

Aliyebeba kikundi mabegani ni ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Wengi walianzia shambani. Vijana walilima kwa vikundi, ngoma ikipigwa ili majembe yapande na kushuka pamoja, na mwenye sauti akaongoza. Kutoka kazi hiyo ilizaliwa bugobogobo, ngoma ya Bagalu inayochezwa kwa majembe yanayorushwa na kuzungushwa hewani. Jina la kijana likishavuka kijiji chake, mialiko huanza, na hapo sauti peke yake haitoshi. Humtafuta mganga ampe dawa ya mvuto, na nyingine ya kumkinga na husuda za wapinzani.

Kazi hii haikumruhusu mtu kuishi kwa sifa za jana. Wimbo wa mwaka jana wapinzani wameshausikia na jibu lake wanalo, kwa hiyo kila msimu ulidai nyimbo mpya: za kumkejeli hasimu, za njaa, za ng'ombe, za watawala. Nchi nayo haikukosa habari. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa mbele, walijenga ushirika wenye nguvu. Mgodi wa dhahabu wa Geita uliokuwa umeanza enzi za ukoloni ulifungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000.

Wamisionari wengi waliziona ngoma hizi kuwa ushirikina. Padri David Clement, Mkanada pia, alichukua njia nyingine. Huko Bujora, karibu na Mwanza, aliingiza muziki wa Kisukuma kanisani, na mwaka 1968 akaanzisha makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi ikaunganishwa na tamasha la Bulabo, ambako Bagika na Bagalu hukutana hadi leo. Baadaye Mmarekani Frank Gunderson alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma, na kitabu chake kikachapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2010.

Siku hizi waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala Mwanamalonja husikika kwa video na intaneti, na wasikilizaji wao wamo hata mbali na Usukuma. Soko limepanuka, ila kipimo kimelegea. Mwenye simu anaweza kuwatazama mahasimu wawili usiku mmoja, na wote wawili wakahesabu kwamba wamempata. Uwanjani haikuwa hivyo: mtu alikuwa na miguu miwili tu, na akihamia ng'ambo, aliyeachwa alimwona akiondoka. Hofu hiyo ndiyo iliyomlazimisha ningi kutunga upya kila mwaka, na ndiyo iliyoziweka hai Bagika na Bagalu kwa zaidi ya karne moja.