Mrao, Gumegume na Fataki: Majina ya Bunduki za Kale na Mchezo wa Shabaha

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wako watu ambao, wapatapo siku ya mapumziko, huziacha bunduki za kisasa kabatini, wakachukua bunduki ya mtindo wa kale na kwenda uwanjani kutoboa karatasi. Hawawindi mnyama wala hawajifunzi vita. Wataka kuona tu kama mkono wao na jicho lao vyaweza kupatana na chombo walichotumia babu wa babu zao. Tangu mwaka wa 1971 mchezo huu una kamati yake ya kimataifa, ijulikanayo kwa herufi MLAIC, inayosimamia mashindano ya bunduki za kushindiliwa. Mtu atakaye kuingia humo hana budi kujibu maswali matatu juu ya bunduki yake. Yawashwaje? Mtutu wake ni laini au una mifuo ndani? Je, ni ya asili, au ni nakala iliyoundwa siku hizi?

Sina nia ya kumshawishi mtu anunue bunduki, na sheria za nchi zetu juu ya jambo hilo zajulikana. Nimeyachukua maswali hayo kwa sababu ya lugha. Mfasiri wa leo akipewa kanuni za mchezo huo azitie katika Kiswahili, yaelekea atakaa kuunda istilahi mpya, au atayaazima maneno ya Kiingereza na kuyatia irabu mwishoni. Lakini swali la kwanza, ambalo ndilo kubwa, lilikwisha kujibiwa na watu wa pwani kabla ya kuwako kamati yo yote.

Tuanze na bunduki yenyewe. Kwa Kiarabu, bunduq ni tunda dogo gumu la jamii ya njugu, ambalo jina lake Waarabu walilipata kwa Wayunani, waliolinasibisha na Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Kwa kuwa tunda hilo ni la mviringo, kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde wa kuwindia ndege kikaitwa vivyo hivyo. Baadaye silaha ya moto ilipokuja kurusha vidonge, jina likahama tena, likatoka kwenye kitu kirushwacho likakaa kwenye chombo kirushacho. Risasi nayo kwa asili ni jina la madini tu. Mzinga peke yake haukuvuka bahari: ni lile gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na aliyelifananisha na chombo cha vita alikuwa na macho mazuri.

Watu wa pwani walipozidi kuzizoea bunduki, hawakuzipambanua kwa nchi zilikotoka, wala kwa urefu, wala kwa jina la mhunzi. Walizipambanua kwa moto. Ya kwanza ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi uliokwisha kuwashwa, ulioshikwa na kikonyo cha chuma. Mpigaji avutapo, kikonyo huinama na utambi hugusa baruti iliyo katika kisahani kando ya mtutu. Huko Oman bunduki hiyo huitwa abu fatila, yaani mwenye utambi, nasi twaona kwamba lugha mbili zilizokaa pamoja kwa muda mrefu zilikitazama chombo kwa jicho moja. Wajapani waliipata kwa Wareno katika kisiwa cha Tanegashima mwaka wa 1543, na hata leo shindano la bunduki za mrao katika kanuni za MLAIC huitwa kwa jina la kisiwa hicho.

Ya pili ni bunduki ya gumegume. Gumegume ni jiwe gumu lipigwalo kwenye chuma likatoa cheche, na cheche ndiyo iwashayo baruti. Msemaji wa leo akilisikia neno hili humfikiria mwanamume asiyefaa kitu, wala hana habari kwamba kamusi za zamani zilikuwa na bunduki ya jina hilo.

Ya tatu ni bunduki ya fataki. Hapa kisahani na cheche vimeondolewa. Mahali pake pamewekwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ilipukayo ikigongwa. Elimu ya dawa hiyo ilitiwa katika bunduki na mchungaji wa kanisa huko Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1807. Mchungaji huyo alikuwa mpenda kuwinda ndege, na aliudhika kwamba ndege waliuona mwako wa kisahani wakaruka kabla risasi haijafika. Neno fataki limefuata safari yake mwenyewe: kwanza kikofia cha bunduki, kisha baruti za sherehe angani, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii matangazo ya redio ya Tanzania yakaligeuza kuwa jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule.

Mpangilio huu wa mrao, gumegume na fataki haukuwa mambo ya wasomi. Ulimhusu mpigaji moja kwa moja, na hata leo wamhusu yule achaguaye bunduki ya kale kwa mchezo. Katika gumegume, kati ya kuvuta na kulia kwa bunduki kuna kitambo kidogo ambacho sikio laweza kukisikia, na katika kitambo hicho mpigaji hana budi kutulia kama jiwe lenyewe, moto ukiwaka mbele ya jicho lake. Mwenye fataki huweza kustarehe zaidi, kwa maana mlio hufuata mara moja, wala upepo haupeperushi baruti ya kisahani. Kwa hiyo anayeanza mchezo huu kwa kawaida hushauriwa kuchukua fataki, na gumegume aiache mpaka mkono utulie. Ushauri huo waweza kusemwa kwa Kiswahili bila ya kuongeza neno hata moja.

Zote tatu hushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni mwa mtutu. Ilipokuja bunduki ijazwayo kwa nyuma, watu wa pwani hawakuihesabu kwa moto tena, bali kwa chakula chake: wakaiita bunduki ya viasi. Kiasi ni kipimo, na kipimo cha baruti kilichofungwa pamoja na risasi yake kikaitwa kiasi. Naona neno hili ni zuri kupita lile tulilo nalo sasa, kwa maana siku hizi risasi ni ile iendayo, na risasi ni pia kifurushi kizima kitiwacho ndani. Katika mchezo wa bunduki za kale kuchanganya mambo hayo hakufai. Kanuni zamkataza mpigaji kumimina baruti kutoka katika chombo kikubwa moja kwa moja mtutuni, kwa kuogopa cheche iliyosalia. Yampasa aje na baruti iliyokwisha kupimwa, kila kipimo katika kichupa chake. Hivyo ni viasi hasa, na risasi ni jambo jingine.

Sasa twafika kwenye swali la pili, nalo ndilo lililotukuta mikono mitupu. Mifuo iliyosokotwa ndani ya mtutu huizungusha risasi, na risasi izungukayo haiyumbi. Mafundi wa Ujerumani waliijua siri hiyo mapema, lakini risasi ilipasa kuubana mtutu, na kuishindilia kulikuwa kazi ya jasho. Mwaka wa 1849 ofisa Mfaransa, Minié, alitengeneza risasi yenye shimo kitakoni, iliyoingia kwa wepesi na kutanuka ilipopigwa na moto. Tangu hapo askari wa kawaida aliweza kuwa na bunduki ya mifuo, na mchezo wa shabaha ukawa mchezo wa mbali. Mwaka wa 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon kwa kuvuta uzi uliofyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa juu ya kiti chake cha chuma, na risasi ikaenda yadi 400 ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha.

Kwa nini basi Kiswahili hakikuipa bunduki ya mifuo jina lake? Jibu halimo katika lugha, limo katika historia. Bunduki zilizomiminika Afrika Mashariki katika karne ya 19 nyingi zilikuwa za mtutu laini, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Kisha mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki katika Afrika baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, hasa zile za mifuo na zilizoboreshwa. Lakini bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa chini ya usimamizi. Kwa maneno mengine, sheria ilimwachia Mwafrika gumegume, na mifuo ikawa ya serikali. Watu hawakiiti kwa jina kitu wasichokishika. Waliokishika walikuwa askari, na hao walikipokea kwa jina la kigeni. Hata kikosi cha Waingereza kilichoundwa mwaka wa 1902, ambacho neno la bunduki za mifuo limo katika jina lake, kiliitwa kwa herufi tu, KAR, na askari wake akawa keya. Upande wa Wajerumani, askari wengi mwaka wa 1914 walikuwa bado wana Mauser ya mwaka wa 1871, yenye mifuo lakini ya baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji.

Neno shabaha, kwa upande wake, halikupungukiwa na kitu. Ni jina la kile kinacholengwa, na pia ni ustadi wa kulenga. Twasema amepiga shabaha, na twasema ana shabaha. Tarehe 26 Septemba 1874, huko Creedmoor karibu na New York, Wairilandi sita walishindana na Wamarekani sita kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Wairilandi walikuwa na bunduki za Rigby, za kushindiliwa. Wamarekani walikuwa na Remington na Sharps, za viasi. Wamarekani walishinda kwa 934 dhidi ya 931, na watu wengi wakasema kwamba bunduki ya kushindilia imekufa siku ile. Mimi sikubali. Mwirilandi mmoja, Milner, alipiga kitovu barabara, lakini kitovu cha shabaha isiyokuwa yake, akapewa sifuri. Pigo hilo lingekuwa na alama nne. Viasi havikushinda kwa chuma. Vilishinda kwa sababu mtu mmoja alikuwa na shabaha ya pili tu kati ya hizo mbili nilizozitaja.

Swali la tatu, la asili au nakala, ni jepesi. Bunduki ya asili ina heshima, lakini mtutu wake huenda umeliwa na kutu, na mafundi huionya mikono isiyoijua. Kwa hiyo wengi huchagua nakala, nyingi zikitoka Gardone Val Trompia huko Italia, ambako nyumba ya Pedersoli ilianzishwa mwaka wa 1957. Wengine hupenda kuunda: huchukua mtambo wa zamani wa Martini, wakaufungia mtutu mpya mwembamba wa kuchezea. Mtambo, mtutu, kitako, mdeki: maneno yote yako.

Hatari niionayo ni kwamba tunayaacha yaanguke yote ndani ya neno moja, gobore. Katika magazeti ya Tanzania gobore ni kila bunduki ya kushindiliwa, iwe ya karne mbili zilizopita au iliyofuliwa na mhunzi wa kijiji mwaka jana. Neno hilo lafaa likae kama jina la ukoo, bali lisiwameze watoto wake. Kwa mifuo napendekeza tuseme mtutu wa mifuo, na kinyume chake mtutu laini. Basi mashindano matatu ya MLAIC yatasomeka hivi. Tanegashima: bunduki ya mrao, mtutu laini, mita 50. Miquelet: gumegume ya kivita, mtutu laini, mita 50. Minié: fataki ya kivita, mtutu wa mifuo, mita 100, kwa kulala.