Goma–Kinshasa: ni kilomita ngapi, ni masaa mangapi?

Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa njia ya angani moja kwa moja, ni kilomita karibu 1560. Ndege ya jeti, yenye kwenda kilomita karibu 800 kwa saa, inamaliza safari hiyo kwa masaa 2, ao 2 na nusu ukihesabu kupaa na kutua.

Saa ya mashariki na saa ya magharibi

Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa 1. Ndege ikitoka Kinshasa saa 2 ya asubuhi na kuruka masaa 2, itatua Goma saa 5 kwa saa ya Goma. Ikirudi na kutoka Goma saa 8 ya mchana, inafika Kinshasa saa 9 kwa saa ya kule. Tikiti huandikwa kila mara saa ya mji wenyewe: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaokwenda.

Kwa nini watu wanategemea ndege

Hakuna barabara nzuri ya kuunganisha miji hii miwili. Njia ya chini inapita Rutshuru, Butembo, Beni na Komanda mpaka Kisangani. Pale mtu anapanda boti kwenye mto Kongo, kilomita karibu 1700 mpaka Kinshasa. Safari hiyo huchukua wiki, na sehemu nyingi za barabara hazina usalama.

Njia ya kuzunguka

Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, uwanja wake wa ndege ulifungwa kwa safari za raia. Kavumu, uwanja wa Bukavu, ulitekwa mwezi uliofuata. Tena, RwandAir haikuwa ikienda Kinshasa tangu Mei 2022, serikali ya Kongo iliposimamisha safari zake.

Kwa hiyo msafiri wa Goma huvuka mpaka, anafanya barabara masaa 3 ao 4 mpaka Kigali, kisha anapanda ndege ya Nairobi ao Addis Ababa, na kutoka kule nyingine ya Kinshasa. Kwa njia ya Nairobi, ni kilomita karibu 160 za gari, 760 za ndege ya kwanza na 2400 za ndege ya pili. Jumla ni zaidi ya 3300, yaani mara mbili na zaidi. Anaanza kwa kwenda mashariki, wakati Kinshasa iko magharibi.

Ndani ya ndege tu ni masaa karibu 5. Ukiongeza mpaka, barabara na kungojea, ni siku nzima, pengine na usiku. Pasiporti na karte ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, hata kama mtu anatoka Kongo kwenda Kongo.

Anayeitwa Kinshasa kwa matanga asihesabu tena masaa 2. Familia ikipanga siku ya mazishi, imwekee siku 2 za njia.