Toroka, mtoro: maelezo ya matumizi

Toroka (kitenzi): ondoka kwa siri kumkwepa mwenye mamlaka. Mtoro (nomino, A-/WA-): mwenye kutoroka; leo, hasa mwanafunzi anayekwepa masomo.

Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, karne ya 19, mtoro alikuwa mpagazi aliyeacha mzigo au mtumwa aliyemwacha bwana wake. Kitabu cha Stanley cha 1872 chasimulia watoro walivyosakwa na kufungwa minyororo.

Tuseme wabunifu wa Tabora wanaandaa mchezo wa kuwatafuta mitaani wahusika waliotoka riwayani. Wakiwaita *watoro*, wachezaji wanageuka wasakaji wa watoro. *Ponyoka*, yaani chopoka mkononi au mtegoni, halimpi mhusika bwana: *Ameponyoka kitabuni, tumtafute Kwihara.*