Mpaka

Neno "mpaka" lina kazi mbili: hutaja ukomo wa shamba, na hutaja ukomo wa muda. Mkristo anayesema uovu una mpaka anazihitaji zote mbili. Katika kitabu cha Ayubu, Shetani anaruhusiwa kugusa mali, kisha mwili, ila uhai wa Ayubu asiuguse. Mwenye shaka atauliza: na wale watoto kumi wa Ayubu waliokufa? Swali ni la haki, na wahubiri hulikwepa mno. Swali hilo hilo linarudi nje ya Biblia: Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa Februari 1977, chini ya utawala wa Idi Amin. Amin mwenyewe aling'olewa madarakani Aprili 1979. Mpaka haukumkinga Luwum. Ulimkatia Amin muda, tena kwa mikono ya askari wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, si kwa radi kutoka mbinguni.