Kikundi kilichobana picha za dunia

Chukua kijitabu cha maelekezo cha printa au kamera ya zamani, ufungue kurasa za mwisho zenye maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Mara nyingi utakuta sentensi inayosema kwamba sehemu ya programu ya kifaa hicho imetokana na kazi ya Independent JPEG Group. Shukrani hiyo ndiyo karibu malipo yote ambayo kikundi hicho kiliwahi kudai.

Hesabu ya kubana picha ilikuwepo kabla yao. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mzaliwa wa India aliyefundisha Kansas State University, aliomba fedha za serikali ya Marekani achunguze jinsi mawimbi ya kosaini yanavyoweza kubana data. Akanyimwa. Hakuacha; mwaka 1974 yeye, T. Natarajan na K. R. Rao walichapisha makala fupi kuhusu hesabu hiyo, na kamati ya JPEG, iliyoundwa 1986 kuandaa kiwango cha kubana picha, ikajenga juu yake.

Katika JPEG, picha hukatwa vijiraba vya pikseli 8 kwa 8. Pikseli 64 za kila kijiraba hugeuzwa namba 64: ya kwanza hubeba wastani wa mwanga, zinazofuata hubeba mabadiliko, kuanzia ya taratibu hadi ya haraka. Kila namba hugawanywa kwa namba iliyo kwenye jedwali, kisha jibu hukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu zaidi. Katika jedwali la mfano la mwanga, kona ya juu kushoto ina 16, ya chini kulia 99. Jicho la binadamu ni zembe kwa mabadiliko ya haraka, basi hayo ndiyo hugawanywa kwa namba kubwa na mengi huishia sifuri, na sifuri zilizofuatana hazihitaji nafasi kubwa. Wakati wa kufungua faili hesabu hurudishwa kinyumenyume, ila kilichokwisha kuwa sifuri hakirudi. Ndiyo maana picha ya harusi iliyobanwa upya kila ilipopita mtandaoni hufika na vijiraba usoni mwa bibi harusi.

Kiwango cha JPEG kiliidhinishwa 1992, kikiwa maandishi mazito ya wahandisi. Independent JPEG Group, kikundi kilichoongozwa na Tom Lane, hakikusubiri: Oktoba 1991 kilikuwa kimeshatoa libjpeg, maktaba ya programu ambayo yeyote angeweza kuiingiza katika programu yake, hata ya kuuza. Iliweza kubana na kufungua picha mistari michache kwa wakati, hivyo hata kompyuta za DOS zenye kumbukumbu finyu zilimudu.

Kwangu mimi, uamuzi wao bora ulikuwa wa kuacha kitu. Kiwango kiliruhusu pia usimbaji wa kiarithmetiki, unaobana zaidi, lakini ulikuwa na hataza za IBM na wengine. Wakauweka kando, faili zikawa kubwa kidogo. Busara yao ilionekana Desemba 1994, pale waandishi wa programu za GIF, umbizo jingine la picha, walipotangaziwa kwamba wangetozwa ada kwa hataza ya kampuni ya Unisys, na kelele zilizofuata ndizo zilizozaa umbizo la PNG.

Toleo la 6b la libjpeg lilitoka 1998 likatumika kwa miaka mingi, huku Lane akihamishia nguvu zake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Mwaka 2010 ikazaliwa libjpeg-turbo, inayotumia amri za prosesa zinazokokotoa namba nyingi kwa mpigo. Mwaka 2019 mashirika ya viwango yenyewe yakaitambua kuwa programu rejea ya JPEG.